Jembe, Chaki na Karatasi: Karne Moja ya Wanawake wa Kwale

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili ardhi ya ukanda wa pwani, ule wa maili kumi uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Anayedai shamba alitakiwa kufika kwa afisa na ushahidi wake. Ardhi isiyopata mdai ikaandikwa kuwa ya Serikali. Kusini ya Likoni, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Kwale nchini Kenya, kuanzia Waa na Tiwi hadi Vanga, Wadigo wengi hawakupata hati yoyote. Mwanamke aliyelima mpunga kando ya mto Umba au Ramisi ndiye aliyekuwa mbali zaidi na meza ya afisa huyo. Shamba alipewa na mamake, na mamake naye alipewa na wake. Mipaka ilijulikana kwa miti na mikondo ya maji, na majirani ndio waliokuwa mashahidi.

Tangu wakati huo, mengi yaliyowafika wanawake wa Kwale yamepitia kwenye karatasi: stakabadhi ya kodi, hati ya shamba, cheti cha mtihani, barua ya ajira. Karatasi iliwaondolea haki walizokuwa nazo kwa mdomo, kisha polepole wakajifunza kuisoma, kuiandika na kuidai. Mwalimu wa kike wa Msambweni au Lunga Lunga, anayetoka darasani alasiri na kushika jembe, ni matokeo ya historia hiyo. Ili kumwelewa inabidi kuanzia shambani, kabla shule haijafika.

Shamba la mama

Kwa muda mrefu Wadigo, sawa na jirani zao Waduruma, walitegemea sana ukoo wa kuukeni. Mali ya mwanamume aliyefariki ilikwenda kwa wapwa zake, yaani watoto wa dadake, wanawe wa kuwazaa wakabaki kutazamia urithi kwa wajomba zao. Mfumo huu haukumpa mwanamke utawala. Mashauri ya ukoo yaliamuliwa na kaka na wajomba. Ila ulimpa mahali pa kurudi. Ndoa ikivunjika, na talaka zilikuwa nyingi, mwanamke alirudi kwa kaka yake, akapata nyumba, akaendelea kulima ardhi ya kwao.

Kazi nazo ziligawanyika. Wanaume walifyeka msitu, walipanda minazi, waliangua nazi na kuuza mbata. Muhogo, kunde na mahindi vilikuwa mikononi mwa wanawake, na zaidi ya vyote, mpunga wa mabondeni. Wao ndio waliochagua mbegu, waliofukuza ndege, waliovuna kwa kisu kidogo suke baada ya suke, kisha wakatwanga kwa kinu na mchi. Kazi ikizidi nguvu za nyumba moja, majirani waliitana kulima kwa zamu, mweria, na mwenye shamba akapika chakula cha siku hiyo. Wakamba waliohamia Shimba Hills katika mpango wa makazi wa miaka ya 1950 walikuja na desturi yao kama hiyo, mwethya.

Uislamu ulipoenea miongoni mwa Wadigo katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ulileta hesabu nyingine ya mirathi. Watoto wa marehemu sasa walikuwa na fungu lililotajwa, na binti alipata nusu ya fungu la kaka yake. Kwa mtazamo wa leo nusu inaonekana kidogo, lakini binti ambaye zamani hakutazamia kitu kwa babake sasa aliweza kusimama mbele ya kadhi na kudai. Wapwa nao hawakukubali kuachia kirahisi. Minazi ilizidisha ugumu, kwa kuwa pwani mtu aliweza kumiliki miti bila kumiliki ardhi ilipoota, akaiuza au kuiweka rahani peke yake. Ndiyo maana kesi moja ya shamba iliweza kuzunguka kwa wazee, kwa kadhi na kwa hakimu wa Serikali. Mwanaanthropolojia Bettina Ng'weno, katika makala yake ya 1997 kuhusu mizozo ya ardhi ya Wadigo, alionyesha jinsi watu walivyotumia sheria zote tatu, desturi, dini na Serikali, kulingana na ile iliyowapa nguvu katika shauri lililokuwapo. Kwa mwanamke asiyejua kusoma, ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuifikia.

Kodi, bandari na pepo

Kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20, ilihesabu nyumba. Mume mwenye wake wawili, kila mmoja na kibanda chake, alilipia mara mbili. Fedha hizo zilitafutwa Mombasa, katika bandari ya Kilindini na nyumba za wazungu, au kwa kuuza mbata. Mwaka 1927 kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianza, mojawapo ya viwanda vya kwanza vya sukari nchini, na mashamba ya miwa yakaenea kusini ya Msambweni. Wanaume wakazoea kuishi kwa ujira. Shamba la chakula likabaki kwa mke.

Hapo ndipo mizani ilipoinama. Nazi na baadaye korosho zilileta pesa, nazo zilipitia mikono ya wanaume. Mpunga wa mke uliingia chunguni. Mke alilisha nyumba bila kushika shilingi, na alipotaka leso au nguo ya sikukuu ilibidi aombe. Mtafiti Roger Gomm, aliyeandika kuhusu pwani ya kusini mwaka 1975, aliona kwamba ngoma za pepo zilikuwa mojawapo ya njia za kuomba. Mke anapagawa, mganga anaitwa, pepo anataja anachotaka, na mume analazimika kununua mbele ya watu. Gomm alieleza hayo kuwa mashauriano ya mtu asiye na nguvu. Waliocheza ngoma hizo wangeweza kueleza kwa namna nyingine, kwani kwao pepo ni pepo. Hata hivyo jambo moja halina ubishi: hakukuwa na ofisi wala daftari ambamo mke angeweza kuandika madai yake.

Shule iliyokuwa mbali

Elimu ya kikoloni katika pwani ya Kenya ilifuata misheni. Rabai ilikuwa na misheni ya Kianglikana ya CMS tangu mmisionari Krapf alipofika huko katika miaka ya 1840, na Ribe ilikuwa na Wamethodisti tangu 1862. Upande wa Digo, ambako watu wengi walikuwa Waislamu, misheni hazikushika mizizi kama huko, na wazazi waliiona shule kuwa mlango wa kanisa. Serikali ilijenga shule Waa kwa ajili ya Wadigo, lakini kwa miaka mingi ilikuwa mahali pa wavulana. Binti alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akahitimu, akaolewa. Matokeo yake yalionekana baada ya Uhuru. Jirani zao wa Rabai na Ribe walikuwa na vizazi vya walimu na makarani. Kwale ilianza nyuma, na wasichana wake nyuma zaidi.

Tume ya kuajiri walimu, TSC, iliundwa mwaka 1967. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi, na madawati yakajaa kuliko walimu waliokuwapo. Walimu wengi wa Kwale walitoka bara. Pengo lililosalia lilizibwa na wasio na mafunzo, wale walioitwa UT, na hapo wasichana wachache wa kijijini waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne walipata nafasi. Msichana wa namna hiyo alifundisha kwanza, akaenda chuo baadaye, pengine akiwa na watoto wawili. Sheria haikumrahisishia. Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mwanamke miezi miwili ya likizo ya uzazi, lakini aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Ilichukua hadi 2007 kufikia miezi mitatu bila adhabu hiyo.

Karo ikishafutwa, kilichomzuia binti mara nyingi hakikuwa mlango wa shule. Kilikuwa mtungi. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono kikikauka, au maji yake yakiwa ya chumvi, aliyetumwa mbali ni yeye. Kengele ya saa mbili ilimkuta bado njiani, ndoo kichwani.

Spana moja

Mwaka 1983 eneo la Diani na Msambweni lilichaguliwa kujaribia pampu za mkono. Ulikuwa muongo wa maji uliotangazwa na Umoja wa Mataifa, na mradi huo uliwaleta pamoja UNDP, Benki ya Dunia, Serikali na shirika la Kenya la KWAHO. Pampu nyingi za awali zilikuwa zikiharibika na kukaa mwaka mzima zikimngoja fundi wa wilaya na lori lake. Mafundi wakatafuta pampu ambayo kijiji kingeweza kuitengeneza chenyewe, na kazi iliyoanzia Malawi ikakamilishwa kwenye visima vya Kwale. Pampu hiyo ni Afridev, ambayo leo huvuta maji katika vijiji vya Afrika na Asia.

Umbo lake linaeleza historia nzima. Kufungua kichwa chake kunahitaji spana moja tu. Fimbo za ndani zimeunganishwa kwa ndoana na tundu, kwa hiyo huvutwa juu kwa mkono na kuachanishwa moja baada ya nyingine bila winchi. Bushi za plastiki zikilika, huchomolewa na mpya kusukumwa mahali pake. Kazi hiyo wanawake wawili wenye nguvu za kutwanga huimaliza kabla ya kupika chakula cha mchana.

Mwanzoni haikuwa dhahiri kwamba wanawake wangepewa kazi hiyo. Pampu ni chuma, na chuma kilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Lakini wanaume walikuwa Mombasa au kwenye miwa, na pampu ikiharibika aliyeumia alikuwa mchota maji. Wahamasishaji wa KWAHO, wengi wao wanawake, walikaa na vijiji hadi kamati za maji zikaundwa, na wanawake wakafundishwa utunzaji wa pampu. Kisha likaja suala la michango: nani ashike pesa? Kamati nyingi zilichagua mwanamke kuwa mweka hazina, kwa sababu walioteua walimwamini zaidi kuwa hatazitumia. Akaunti zikafunguliwa benki. Mama aliyekuwa akiomba shilingi ya leso sasa alitia sahihi au alama ya kidole kwenye fomu ya kutoa pesa za kijiji kizima.

Watu wazima na watoto wadogo

Daftari la michango lilimdai ajue kuandika. Bahati njema, mwaka 1979 Serikali ilikuwa imeanzisha kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga, na masomo ya watu wazima, gumbaru kwa lugha ya wengi, yakaanza chini ya miembe na kwenye vyumba vya shule baada ya watoto kwenda nyumbani. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake. Wanaume waliona haya kukaa kwenye dawati la mtoto. Mama alikuja na mwanawe mgongoni, akatoka akijua kuandika jina lake na kusoma bei ya mbata.

Watoto wadogo nao walipata njia yao. Viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao waliingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mradi wa shule za awali za madrasa ulianza Mombasa mwaka 1986 chini ya Bi Swafiya Said, mwalimu wa chekechea, kisha ukaenea Kwale na sehemu nyingine za pwani, na baadaye ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Kurani na hesabu vilikaa chini ya paa moja, na hoja ya zamani kwamba shule huondoa dini ikapoteza nguvu.

Mwalimu wa shule hizo alitafutwa kijijini humo humo. Mara nyingi alikuwa msichana au mke kijana ambaye masomo yake yalikatikia njiani. Alipewa mafunzo, akatembelewa darasani na mkufunzi, akafundishwa kutengeneza vifaa kwa vilivyopo: vifuu vya nazi vya kupimia, vizibo vya chupa vya kuhesabia, mbegu za kupanga kwa rangi na ukubwa. Kamati ya wazazi ilimlipa kidogo, wakati mwingine kwa kuchelewa. Hata hivyo kwa mara ya kwanza wazazi wengi wa Kwale waliona mwalimu anayevaa buibui kama wao na aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Binti aliyekaa mbele yake alijua kwamba kazi ile inaweza kuwa yake.

Miaka ya hati

Wakati karatasi ya shule ikifunguka, karatasi ya ardhi ilikuwa ikifungwa. Sheria ya kupima na kugawa ardhi ya mwaka 1968 ilileta wapimaji na vigingi vijijini. Hati iliandikwa jina la mkuu wa nyumba, naye kwa macho ya karani alikuwa mwanamume. Haki ya mama ya kulima bonde fulani kila mwaka haikuwa na safu yake kwenye fomu. Mume au kaka akiuza, aliuza na bonde. Kule Diani, hoteli za ufukweni zilivyoongezeka, bei ya kiwanja ikawa kishawishi ambacho familia nyingi hazikukishinda.

Mambo mengine yakagongana na hilo. Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na mishahara ya maelfu ya familia ikakatika. Agosti 1997 vijana wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, ghasia zikaenea kusini, zaidi ya watu 100 wakauawa na maelfu ya watu wa bara wakakimbia. Biashara ya hoteli ikaanguka. Shule zilizowategemea walimu wa bara zilihisi pengo, na walioendelea kushika chaki walikuwa wenyeji, wanawake wakiwa miongoni mwao. Uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka huo ulipofika, Msambweni ilimpeleka bungeni Marere wa Mwachai, mmoja wa wanawake wanne tu waliochaguliwa katika majimbo nchini kote.

Mshahara ulipokauka, wanawake walirudi kwenye walichokijua. Makuti yanayoezeka baa na vyumba vya Diani hushonwa nyumbani kwa mikono yao: jani la mnazi linakunjwa juu ya upau, linashonwa kwa kamba, linapangwa mafungu. Mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, hununua dagaa na samaki wadogo ufukweni, akawakaanga na kuwauza barabarani jioni. Katika kijiji cha Gazi, wanawake walijenga njia ya mbao kati ya mikoko ili wageni watembee kwa malipo. Mwaka 2013 kijiji hicho na jirani yake Makongeni vikaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo. Mapato yake yamenunua vitabu vya shule na kuvuta maji.

Mwalimu na msimu wa mvua

Mwalimu wa kike wa Kwale leo anaishi kwa kalenda mbili. Muhula wa kwanza unaisha mvua za masika zikianza, na likizo ya Aprili ndiyo siku zake za kupanda. Huamka kabla ya alfajiri, akapika, akawahi gwaride la saa moja na nusu. Alasiri hupita shambani kuangalia vibarua, ambao mara nyingi huwalipa kwa mkopo wa sacco uliotolewa kwa dhamana ya mshahara wake. Hivyo mshahara wa ualimu umekuwa mbolea ya shamba, na shamba hulisha nyumba mshahara ukichelewa. Wenzake wasio waajiriwa humwita kwenye chama chao ashike daftari.

Humwita pia kwa mengine. Fomu ya basari, wito wa kadhi, kadi ya kliniki, barua ya ofisi ya ardhi, vyote huletwa kibarazani kwake jioni. Anasoma, anafafanua, na wakati mwingine anamwambia mwenzake asitie kidole. Sheria inataka idhini ya mwenzi wa ndoa kabla ya shamba la familia kuuzwa, lakini sheria hiyo humsaidia tu mke anayejua kwamba ipo. Katika vijiji vingi aliyemjulisha ni mwalimu.

Mambo hayajanyooka. Mwaka 2018 TSC ilianza kuwahamisha walimu, hasa wakuu wa shule, mbali na maeneo yao ya kuzaliwa. Kwa mume huo ulikuwa uhamisho. Kwa mke mwenye watoto na mpunga bondeni ulikuwa kuchagua kati ya kazi na nyumba. Sera hiyo baadaye ililegezwa. Walimu wa chekechea, karibu wote wanawake, waliwekwa na Katiba ya 2010 chini ya kaunti, wakapata madarasa mapya na barua za ajira, ingawa malipo yao bado hayafikii ya wenzao wa shule za msingi. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia bungeni na mtoto wake wa miezi mitano na kuamriwa atoke. Walimu wengi wa kaunti yake walioshika mimba kazini waliielewa habari hiyo bila kuelezwa.

Mwaka 2022 Kwale ilimchagua Fatuma Achani, mwanasheria aliyekuwa naibu wa gavana tangu 2013, kuwa gavana wa kwanza mwanamke katika pwani yote. Wapo waliosema safari imefika. Kusema hivyo ni kuhesabu upande mmoja wa daftari. Elimu imempa mwanamke wa Kwale cheti, ajira, kura na sauti, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ililipiwa na mpunga, makuti na samaki wa kukaanga. Ardhi iliyolipia yote hayo bado kwa sehemu kubwa ina majina ya wanaume. Anayetaka kujua umbali uliobaki asiangalie picha za mahafali. Aende kwenye rejista ya ardhi ya Kwale, afungue ukurasa wowote wa Msambweni au Lunga Lunga, na asome majina.